Maswali Yenu: Obama Alipokuwa Wakili na Seneta wa Jimbo

Toleo lililopita tuligusia kwa mstari mmoja kwamba Barack Obama alikaa karibu miaka minane katika Seneti ya jimbo la Illinois kabla dunia haijamjua. Mstari huo umetuletea barua nyingi. Tumechagua zile zinazouliza mambo ya kazi yenyewe: wakili anaingiaje katika bunge la jimbo kule Marekani, anafanya nini akishafika, na wapi watu huteleza. Ili tusichanganyane, "jimbo" hapa ni Illinois nzima. Sehemu anayowakilisha mbunge mmoja tutaiita eneo.

Huku kwetu wapo wanaosema Obama alikuwa wakili mkubwa wa mahakamani, na wapo wanaosema hajawahi kutetea kesi hata moja. Ukweli ni upi? — Mwalimu mstaafu, Siaya

Mwalimu, pande zote mbili zimekosea. Obama alihitimu sheria Harvard mwaka 1991, na Desemba ya mwaka huo akapata leseni ya uwakili ya Illinois. Kampuni kubwa zingempokea kwa mikono miwili, maana mwaka 1990 alikuwa amechaguliwa kuongoza jarida la sheria la chuo hicho, Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Yeye akarudi Chicago, alikokuwa amefanya kazi ya kuhamasisha wakazi wa mitaa ya kusini kabla ya kwenda Harvard. Mwaka 1992 aliongoza Project Vote, kampeni iliyoandikisha wapiga kura wanaokadiriwa kufikia 150,000, wengi wao Weusi. Mwaka 1993 akaajiriwa na Davis, Miner, Barnhill & Galland, kampuni ndogo ya mawakili iliyojulikana kwa kesi za haki za raia na kwa kusaidia mashirika ya mitaa yanayojenga nyumba za watu wa kipato cha chini.

Sehemu kubwa ya kazi yake humo ilikuwa ya mezani: kutafiti, kuandaa hoja za maandishi, kushirikiana na mawakili wakongwe. Kesi mbili zinatosha kuonyesha. Ya kwanza ni ACORN (shirika la kutetea watu wa kipato cha chini) dhidi ya Edgar. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozitaka ofisi za leseni za udereva ziandikishe wapiga kura hapohapo. Serikali ya Illinois, chini ya gavana Jim Edgar, ikagoma kuitekeleza kwa hoja kwamba bunge la taifa halina mamlaka ya kuliamuru jimbo lifanye hivyo. Obama alikuwa kati ya mawakili wa walalamikaji, na mwaka 1995 jimbo likashindwa. Ya pili ni Baravati dhidi ya Josephthal, Lyon & Ross. Hapo mwaka 1994 alisimama mwenyewe mbele ya Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Saba (mahakama ya taifa inayosikiliza rufani za Illinois na majimbo mawili jirani), akimtetea dalali wa hisa aliyechafuliwa jina na mwajiri wake wa zamani, na akashinda.

Tangu 1992 hadi 2004 alikuwa pia mhadhiri wa sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago, na sheria za uchaguzi zilikuwa kati ya masomo yake. Kwa hiyo hakuwa wakili wa kuhoji mashahidi kutwa kucha. Alikuwa bingwa wa kanuni za kura, na ubingwa huo ndio uliompa kiti.

Shikamooni wahariri. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Nimesikia Obama alipita bila kupingwa kwenye mchujo wa kwanza baada ya kuwaengua wenzake wote. Ilikuwaje, na ilikuwa halali? — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Ilikuwa halali kabisa, na mwanafunzi wa sheria ana mengi ya kujifunza hapo.

Kiti cha eneo la 13, linaloanzia mitaa ya Hyde Park na Kenwood kusini mwa Chicago, kilishikwa na mama mmoja mheshimiwa, Alice Palmer. Mwaka 1995 mbunge wa taifa wa sehemu hiyo, Mel Reynolds, alitiwa hatiani na kiti chake kikawa wazi. Palmer akakitaka, na akamuunga mkono Obama arithi kiti chake cha jimbo. Mchujo wa kiti cha taifa ukafanyika tarehe 28 Novemba. Jesse Jackson Jr. akashinda, Palmer akawa wa tatu. Baadhi ya wazee wa siasa wakamtaka Obama arudi nyuma ili mama arejee kwenye kiti chake. Akakataa.

Hapa ndipo kanuni zinapoingia. Kule mgombea hapati jina kwenye karatasi ya kura kwa kuteuliwa na vikao vya chama. Anatafuta wadhamini: wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo lake, kila mmoja akiweka saini kwa mkono wake na kuandika anwani yake. Mwaka ule kiti hicho kilihitaji saini halali 757. Obama alipeleka zaidi ya 3,000 siku ya kwanza kabisa, tarehe 11 Desemba. Palmer aliyekuwa ametoka kushindwa alibaki na siku 20 hadi mwisho wa kupokea fomu, tarehe 18 Desemba. Akakimbizana na muda na kupeleka saini 1,580. Zaidi ya mara mbili ya zinazotakiwa, utasema zinatosha. Hazikutosha.

Watu wa Obama walikwenda tume ya uchaguzi ya Chicago kuanzia tarehe 2 Januari 1996, wakapitia fomu mstari kwa mstari wakizilinganisha na daftari la wapiga kura. Saini hufa kwa njia nyingi, na zote ni za kawaida. Mtu amesaini lakini hajaandikishwa. Ameandikishwa, lakini kwa anwani nyingine, kwa sababu amehama na hakubadilisha. Anaishi ng'ambo ya barabara, nje ya mpaka wa eneo. Ameandika jina kwa herufi kubwa za kuchapa, na kwenye daftari saini yake ni ya mwandiko. Mama amesaini kwa niaba ya mwanawe. Au ukurasa mzima una mwandiko unaofanana, dalili kwamba watu wachache walikaa mezani wakawajazia wengine. Ukurasa wa namna hiyo huvuta shaka kwa fomu yote. Juu ya hayo, daftari la Chicago lilikuwa limetoka kusafishwa na maelfu ya majina yakaondolewa. Aliyekuwa akizunguka mitaani na orodha ya zamani alikusanya saini za watu wasiokuwepo tena kwenye daftari.

Palmer alipoona hesabu inavyokwenda alijitoa. Wagombea wengine watatu waliwekewa pingamizi vilevile na wote wakaenguliwa. Machi 1996 wapiga kura wa Democratic wa eneo la 13 wakakuta jina moja tu. Novemba Obama akashinda kwa takriban asilimia 82, akaapishwa Januari 1997.

Je, ilikuwa haki? Mtu aliyejenga jina kwa kuandikisha wapiga kura aliingia bungeni kwa njia iliyowanyima wapiga kura nafasi ya kuchagua, na hilo lina uzito wake; hatulipuuzi. Lakini kila mgombea alipewa kanuni zilezile, na saini za uongo kama zilikuwemo hazikuwa kosa la aliyezihesabu. Siku ukisimamia mgombea, kusanya mara mbili au tatu ya kiwango, na kila jioni linganisha karatasi za siku hiyo na daftari jipya kabla mpinzani hajakufanyia kazi hiyo.

Wapinzani wake walimsema sana kwamba bungeni hakupiga kura ya ndiyo wala hapana, akawa anajibu "nipo" tu. Si woga huo? — Msomaji, Mombasa

Ndugu, tuanze na meza yake ya bungeni. Kila seneta wa Illinois ana vitufe vitatu: kijani ni ndiyo, chekundu ni hapana, cha njano ni "nipo". Obama alibonyeza cha njano takriban mara 129 kati ya kura zipatazo 4,000 alizopiga.

Sasa hesabu. Seneti ina viti 59. Katiba ya Illinois inasema muswada hauwi umepita mpaka upate kura za zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, si wale waliohudhuria siku hiyo. Ni kura 30 za ndiyo. Muswada wenye ndiyo 29, hapana sifuri na "nipo" 30 umeanguka. Kwa hiyo njano, nyekundu na kiti kitupu vyote vina uzito mmoja kwenye ubao: hakuna hata kimoja kinachosaidia kufika 30. Anayebonyeza njano huko amesaidia kuuangusha muswada, hakukaa pembeni.

Kwa nini basi mtu asibonyeze nyekundu moja kwa moja? Sababu ni kama tatu. Moja, anakubaliana na lengo ila anaona maandishi ya muswada yanavunja katiba; kwa mwalimu wa sheria ya katiba hili lilitokea mara kadhaa. Mbili, ni mbinu ya pamoja. Kwenye miswada ya utoaji mimba, shirika la uzazi wa mpango la Planned Parenthood la Illinois liliafikiana na baadhi ya maseneta wapige "nipo", ili wenzao wa maeneo magumu wapate kuungana nao bila kuonekana wamepiga hapana. Tatu, ndiyo, ni kukwepa kipeperushi cha mpinzani kitakachosema "huyu alipinga sheria ya kuwalinda watoto". Msomaji anayehisi harufu ya tahadhari ya kisiasa katika baadhi ya kura hizo hajakosea. Anayeziita zote woga hajasoma katiba ya jimbo.

Kura iliyomgharimu zaidi ni ile ambayo hakuwepo. Desemba 1999 kulikuwa na kikao maalumu kuhusu sheria ya silaha. Muswada ukipitishwa baada ya tarehe 31 Mei na ukatakiwa uanze kutumika mara moja, kiwango hupanda kutoka nusu hadi tatu ya tano, yaani kura 36. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto wao mdogo akaugua, hakurudi kwa wakati. Muswada ukaanguka, na magazeti ya Chicago yakamwandama miezi michache tu kabla ya mchujo wa mwaka 2000 wa kiti cha Bunge la taifa alichokuwa akikiwania.

Assalamu alaykum. Hapa tuna Baraza la Wawakilishi letu. Je, bunge la jimbo la Marekani linalingana nalo, au ni kama mabaraza ya kaunti ya Kenya? — Msomaji, Unguja

Waalaykumu salaam. Limekaribia zaidi la kwenu kuliko la kaunti, na kwa mambo mengine limelipita. Zanzibar ina katiba yake, sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake, lakini polisi ni jambo la Muungano. Illinois ina katiba yake (inayotumika sasa ni ya mwaka 1970), sheria yake ya jinai, mahakama zake hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, polisi wake, kodi zake na magereza yake. Kaunti ya Kenya haina polisi wala mahakama, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka mgao wa taifa, ambao katiba inasema kwa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya serikali ya taifa.

Ndiyo maana tunasema mwananchi wa Chicago hukutana na bunge la jimbo kabla ya Bunge la Washington. Akisimamishwa na polisi barabarani, akishtakiwa kwa wizi, akifunga ndoa, mtoto wake akienda shule ya umma, karibu kila kinachomgusa kimeandikwa Springfield, mji mkuu wa Illinois ulio kilomita 320 hivi kutoka Chicago. Bunge hilo lina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118. Kila eneo la seneta hugawanywa maeneo mawili ya wawakilishi.

Nataka kujua alichopitisha, si maneno. Miaka minane yote alifanya nini? — Msomaji, Mwanza

Miaka sita ya mwanzo, machache. Republican walishika wingi wa Seneti, na rais wa Seneti, James "Pate" Philip, aliitawala Kamati ya Kanuni. Muswada wa upande wa pili ukitumwa kwenye kamati hiyo ulilala humo mpaka muhula ukaisha. Njia pekee ilikuwa kumpata mwenzio wa upande ule ashike mpini pamoja nawe. Hivyo ndivyo ilivyopita mwaka 1998 sheria ya kuzuia wabunge kupokea zawadi na kutumia fedha za kampeni kwa matumizi binafsi, aliyoisimamia pamoja na Kirk Dillard wa Republican. Wenzake wengi hawakuipenda.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya kofia. Kila baada ya sensa mipaka ya maeneo huchorwa upya. Bunge likishindwa kukubaliana huundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu. Tume nayo ikikwama, katiba inasema majina mawili, moja la kila chama, yawekwe pamoja na Katibu wa Jimbo achomoe moja. Mwenye jina hilo anakuwa mjumbe wa tisa na chama chake kinashika kalamu. Mwaka 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alichomoa jina la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na mtu wa Democratic, kutoka kwenye mfano wa ile kofia ndefu ya Abraham Lincoln. Ramani ikachorwa na Democratic. Novemba 2002 wakachukua Seneti, Januari 2003 Emil Jones akawa rais wake, na Obama akapewa uenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Mtu yuleyule, akili ileile, lakini sasa miswada yake inafika ukumbini.

Muhimu kuliko yote kwetu ni sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi. Chicago ilikuwa na jeraha la kamanda Jon Burge, aliyefukuzwa kazi mwaka 1993 kwa utesaji wa watuhumiwa. Watu walikuwa wamehukumiwa kifo kwa maungamo, kisha wakaonekana hawana hatia. Ndiyo maana gavana George Ryan alisimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo mwaka 2000. Wazo la kurekodi lilikuwepo, ila polisi na waendesha mashtaka walilipinga: vyombo ni ghali, na mtuhumiwa akiona kamera atafunga mdomo.

Tazama jinsi wakili alivyolifungua fundo. Sheria haikusema polisi asiyerekodi ni mhalifu. Ilisema kwamba katika kesi ya mauaji, maneno ya mtuhumiwa aliyehojiwa akiwa chini ya ulinzi kituoni yatachukuliwa kuwa hayapokeleki mahakamani kama hayakurekodiwa. Mwendesha mashtaka anaweza bado kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika, lakini mzigo umehamia kwake. Adhabu haimfuati askari, inaifuata kesi, na hapo vyama vya polisi vikalegeza. Sauti pekee ilikubalika badala ya picha, hivyo gharama ikashuka. Mtuhumiwa mwenyewe akikataa kurekodiwa, kuna mlango wa kutorekodi. Chombo kikishindwa, upo mwingine. Na vituo vilipewa miaka miwili kujiandaa. Obama alikaa nao wote, polisi, waendesha mashtaka na watetezi, kikao baada ya kikao, akibadilisha kifungu kimoja kimoja. Seneti ikaupitisha bila kura ya kupinga, gavana akatia saini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka jambo hilo kwa sheria ya bunge. Mwaka huohuo ikapita pia sheria inayowataka polisi waandike rangi au asili ya kila dereva wanayemsimamisha, ili takwimu ziseme.

Tunaipa nafasi kubwa sheria hii kwa sababu askari wa Illinois bado anaifuata, na kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua ni wapi kesi hushindwa.

Jambo zenu. Nimezaliwa Uvira, niko Moline, Illinois, na nimepata uraia. Nafanya kazi ya karani katika ofisi ya wakili. Naweza kugombea bunge la jimbo, au mpaka niwe wakili? — Dada wa Moline

Hongera ya uraia, dada. Unaweza. Uwakili si sharti, na kuzaliwa Uvira si kizuizi. Sharti la kuwa raia wa kuzaliwa ni la urais. Katiba ya Illinois inataka mambo matatu: uraia wa Marekani, umri wa angalau miaka 21, na uwe umeishi ndani ya eneo lako miaka miwili kabla ya uchaguzi. Hilo la tatu ndilo huwaumiza watu wetu, maana kutafuta kodi nafuu ya nyumba hutuhamisha. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba mpya, angalia ramani.

Kwa Baraza la Wawakilishi utahitaji saini kuanzia 500 hadi 1,500. Kwa Seneti 1,000 hadi 3,000. Kuzunguka na fomu kunaruhusiwa ndani ya siku 90 kabla ya mwisho wa kurudisha, si mapema. Kila karatasi iwe na tamko la aliyeikusanya, likiwa limesainiwa mbele ya mthibitishaji wa viapo. Kurasa zipewe namba mfululizo na zibanwe pamoja. Ongeza tamko lako la kugombea, nalo la kiapo, na risiti ya fomu ya maslahi ya kiuchumi inayopelekwa kwa Katibu wa Jimbo. Risiti hiyo ikikosekana unaenguliwa hata ukiwa na saini elfu. Ukifika foleni kabla ofisi haijafunguliwa saa 2 asubuhi siku ya kwanza, unaingia bahati nasibu ya jina la juu kwenye karatasi ya kura. Baada ya siku ya mwisho, mpinzani ana siku tano za kazi za kuweka pingamizi.

Kuna mitego mitatu inayotuhusu sisi hasa. Anayekusanyia saini lazima awe raia. Kaka mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukazi wa kudumu) asishike fomu, abebe maji na viti. Kwenye fedha ni kinyume: mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuchangia, lakini ndugu aliye Goma, Dubai au Brussels asiye raia wala mkazi wa kudumu haruhusiwi hata dola moja, na ni kosa la sheria ya taifa wewe kuipokea. Makusanyo au matumizi yakizidi dola 5,000, sajili kamati yako kwa tume ya uchaguzi ya jimbo ndani ya siku 10 za kazi.

Mtego wa tatu ni mzito kuliko yote, na unatoka kwenye ile sheria ya leseni za udereva tuliyoitaja juu. Karani wa leseni huuliza watu kama wanataka kuandikishwa kupiga kura. Ndugu zetu wasio raia, Kiingereza kikiwa bado hakijakaa, husema ndiyo na kutia saini. Kudai uraia usio nao kunaweza kukunyima uraia milele na hata kukurudisha ulikotoka. Unapoanza kampeni na kuwahimiza watu wa kanisani waandikishwe, neno la kwanza liwe: kama hujaapa kiapo cha uraia, usisaini.

Mimi ni wakili wa kujitegemea Nairobi. Kule mbunge wa jimbo anaruhusiwa kuendelea na kesi zake? Mshahara unatosha? — Wakili, Nairobi

Anaruhusiwa, na wengi huendelea. Vikao hushika zaidi Januari hadi mwisho wa Mei, kwa kawaida siku za katikati ya wiki, kisha kikao kifupi cha Novemba cha kushughulikia miswada iliyokataliwa na gavana. Mwaka 2023 mshahara wa msingi ulipanda hadi dola 85,000. Zamani ulikuwa chini sana, ndiyo maana Obama alibaki na kampuni yake kwa kazi za mara chache na akaendelea kufundisha. Sheria ya maadili inamzuia mbunge kuchukua kesi mbele ya Mahakama ya Madai, inayosikiliza madai dhidi ya jimbo lenyewe, na kila mwaka anatangaza maslahi yake.

Uzio huo ni mfupi mno, kwa maoni yetu. Michael Madigan, wakili, alikuwa Spika wa Illinois tangu 1983 hadi 2021 isipokuwa miaka miwili, huku kampuni yake ikiwapunguzia wenye majengo makubwa ya Chicago kodi ya mali. Sheria haikukataza. Kilichomwangusha ni kingine: Februari 2025 alitiwa hatiani kwa rushwa, ikiwamo ile ya kampuni ya umeme ComEd iliyowapa watu wake ajira na mikataba, na Juni akahukumiwa miaka saba na nusu. Rod Blagojevich, gavana aliyetia saini sheria ya kurekodi mahojiano, naye alikuwa wakili na mbunge wa jimbo kabla ya ugavana. Alitiwa hatiani kwa makosa yaliyojumuisha kujaribu kuuza kiti cha Seneti ya taifa alichoacha Obama, akahukumiwa kifungo cha miaka 14 (Rais Trump alimpunguzia mwaka 2020 na kumsamehe 2025) na akapoteza leseni ya uwakili.

Alishindwa vibaya na Bobby Rush mwaka 2000. Kwa nini hakupoteza kiti cha jimbo? — Msomaji, Arusha

Kwa sababu kiti chake hakikuwa kwenye kura mwaka huo. Maseneta wa Illinois hupokezana mihula ya miaka miwili na minne ndani ya kila miaka kumi. Obama alichaguliwa 1996 kwa miaka miwili, 1998 kwa minne, 2002 kwa minne. Alipopigwa asilimia 61 kwa 30 hivi na Rush, aliyekuwa akitetea kiti chake cha Bunge la taifa kwenye mchujo wa Democratic, alirudi Springfield kiti kikimsubiri. Vivyo hivyo 2004 alipogombea Seneti ya taifa. Mwanasiasa mwenye muhula wa miaka minne anaweza kujaribu ngazi ya juu bila kuachia ya chini, na wanaomshauri hulihesabu hilo kwanza.

Nani alirithi kiti chake, na uchaguzi mdogo ulifanyika lini? — Msomaji, Bujumbura

Haukufanyika. Nafasi ikiachwa wazi, viongozi wa chama kilekile ndani ya eneo huteua mrithi ndani ya siku 30, kila mmoja akiwa na uzito kulingana na kura zilizopigwa upande wake. Obama alijiuzulu Novemba 2004, na aliyeteuliwa ni Kwame Raoul, wakili na mwendesha mashtaka wa zamani, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Yeye ndiye aliyeusimamia katika Seneti muswada wa kufuta hukumu ya kifo, uliotiwa saini tarehe 9 Machi 2011. Tangu Januari 2019 ni Mwanasheria Mkuu wa Illinois.